Nyumba ya Ndege Chini ya Jalabia

Mimi nimeshachekwa na watu wengi maishani mwangu, lakini kwa mkasa huu nimechekwa mpaka na watu nisiowajua, na nnaposema nisiowajua nna maana mwanamke mmoja alinisimamisha soko la Sib, mbele ya muuza samaki, akaniuliza kama ni mimi yule mama wa Hail, nikamwambia hapana, akasema basi samahani, huku anajifunika mdomo kwa mtandio. Kwa hiyo kuficha hakuna maana tena. Bora nikusimulieni mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu wanaosimulia wengine wanatia chumvi (wapo wanaosema nilipelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa, na huo ni uongo, hospitali sikufika), na aibu ikiwa yako angalau uishike wewe mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na tisa, nasomesha sayansi skuli ya wasichana, na tulikuwa tunakaa Hail, mitaa miwili kutoka pwani, mimi na mume wangu Seif na binti yetu Nasra. Tuna watoto sita, Nasra ndiye kitinda mimba, wakubwa wote walikuwa washatoka kwenda kwenye nyumba zao. Simu za mkononi zilikuwa zishaingia, kila mtu anayo, na hilo la simu lishikeni, kwa sababu kama mkasa huu ungenipata miaka kumi kabla, ungeishia ukumbini kwangu.

Yalianza na jurawa, hawa ndege wadogo wa majumbani. Baridi ikianza kuondoka, mwezi wa pili kwenda wa tatu, jurawa wa Hail wote wanakuwa na shughuli ya kujenga, na hawapendi pahali ila pale kwenye uwazi baina ya kiyoyozi na dirisha. Wanajaza majani makavu, nyuzi, manyoya, mpaka mfuko wa plastiki, kisha wanataga. Ukija mwezi wa nne joto linaanza, unawasha kiyoyozi, na unachokipata ndani ya ukumbi sitakisema kwa sababu pengine kuna mtu anakula. Mwaka mmoja makinda yalikufa, na mimi nikawa sipati raha. Seif akasema ataziba kwa saruji. Nikamwambia kabla hujaziba, wape pengine pa kukaa, na hapo pengine nitapajenga mimi.

Nilikuwa nimeona picha kwenye kitabu cha maktaba ya skuli, nyumba ya ndege ya mbao, ina paa la mgongo na tundu la mviringo mbele, nikajiambia kitu hiki kina mbao saba tu, kitanishinda nini. Seif akenda soko la Mawaleh kununua matunda nikimwambia arudi na makasha matupu, na kwa makasha yale nikajenga nyumba mbili za mwanzo. Fundi mmoja wa Kihindi mwenye karakana nyuma yetu alinionea huruma, akanikatia mbao sawasawa na kunionyesha jinsi ya kushika msumeno bila kukata goti. Baada ya hapo nikawa najifanyia mwenyewe, ya tatu, ya nne, ya tano, na ya sita ikatoka nzuri mpaka nikaitundika ukutani uani, mkabala na dirisha la ukumbi, ili mgeni akikaa aione (hiyo ilikuwa riya, najua, na riya malipo yake niliyapata).

Nyumbani hawakufurahi. Seif ni mtu mpole lakini anapenda usafi, na mimi nilikuwa naingia ndani na vumbi la mbao nyweleni, nalala nanukia gundi. Nasra ndiye aliyekuwa anaona haya zaidi. Rafiki zake mama zao wanashona kofia na kuoka keki, mama yake anapiga misumari alasiri nzima, majirani wanauliza kama tunajenga ghorofa.

Basi ndipo ikaja habari ya posa. Kijana mmoja anaitwa Khalid, anafanya kazi ofisi moja na Nasra, alikuwa amemwona na amempenda, na Nasra naye, ingawa hakuniambia kwa mdomo, alikuwa akitajiwa jina lile anakwenda kujitengenezea chai asiyoinywa. Kwao wakatuma salamu kuwa mama yake atakuja Ijumaa baada ya alasiri, pamoja na dada mkubwa wa huyo mama na mke wa kaka yake Khalid, kuja kutusalimia tu. Mnajua nyote kusalimia huko ni kusalimia gani. Wanakuja wanawake kwanza, wanaangalia binti, wanaangalia nyumba, wanamwangalia mama, na wakiridhika ndiyo wanaume wanakuja kwa kauli rasmi. Wasiporidhika unasikia kijana bado anasoma.

Alkhamisi Nasra akaja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Mama, nakuomba kitu kimoja. Kesho usizungumze ndege."

Nikamwuliza kwani mimi nazungumza ndege. Akanipangusa vumbi la mbao begani. Nikamwahidi. Seif naye akapita mlangoni akasema na hayo mavumbi yafagiliwe, watu wasije wakadhani binti amelelewa karakana. Nikaahidi na hilo. Uani nikafagia, vifaa vyote nikavitia banda la nyuma, na ningekuwa mwanamke mwenye akili hadithi ingekwisha hapo.

Ijumaa baada ya kula Seif akatoka kwenda kwa nduguye ili kutupisha. Wifi yangu Asya, dada yake Seif, alikuwa ameshakuja kunisaidia, na amenikaangia sambusa zote, na mimi nimeshaoga, nimejipaka mafuta ya nazi mikono yote miwili ing'are, nimekaa sina kazi. Na nikikaa sina kazi mimi ndipo balaa linapoingia. Nyumba ya saba ilikuwa bandani, imekwisha, imebaki kutundikwa. Hii sikuitengeneza kwa makasha, niliitengeneza kwa mbao nene zilizobaki tulipobadilisha makabati ya jikoni, na kwa kuwa zile mbili za mwanzo ziliachana mvua iliponyesha, hii niliitia gundi kila kiungo na misumari kila inchi, paa na yote, hata ikianguka kutoka juu ya nyumba isifunguke. Nikajiambia niende nikaiangalie tu.

Nikaiangalia. Nikachungulia tunduni nikaona msumari mmoja umechomoza ndani, ncha yake imekaa pale pale kinda atakapolala. Sasa hapa ndipo. Ningeweza kuiacha mpaka kesho. Badala yake nikasema natia mkono dakika moja, naukunja kwa koleo ndogo, natoka. Tundu nilikuwa nimelichora kwa kikombe cha kahawa, hivi vidogo visivyo na mkono, kwa hiyo upana wake ni kama wa bangili, na mkono wangu na mafuta ya nazi ukapita kama unapita kwenye bangili, kwa kusukuma kidogo, kwa kukunja dole gumba, tup, umo ndani mpaka kifundoni. Msumari nikaukunja, nikafurahi. Kisha nikavuta mkono, nao ukakataa.

Nikavuta tena. Ile misumari mingine, ambayo nilikuwa naionea fahari kwa wingi wake, ncha zake zote zilikuwa zimeelekea ndani kama vijiti vya mdomo wa dema, samaki anaingia na kutoka hatoki. Kila nikivuta kunanichoma. Nikatulia, nikasoma dua, nikavuta, wapi. Nikaenda jikoni na sanduku langu mkononi, Asya akanitazama, akautazama mkono, akazima jiko.

Tulitia sabuni, tukatia samli, Nasra akaitwa, akaja ameshavaa, akaona, akakaa chini sakafuni na nguo yake ile nzuri. Mkono ulikuwa unaanza kuvimba. Asya akachukua nyundo, akasema weka juu ya meza nilivunje, nikamwambia ukilipiga misumari yote inaingia mkononi kwangu, mbao hizi hazivunjiki, nimezitengeneza mwenyewe. Alikuwa ananiuliza basi msumeno uko wapi, na ndipo kengele ya mlango ikalia. Walisema baada ya alasiri, na alasiri ilikuwa ndiyo kwanza imeadhiniwa.

Sasa nikiangalia nyuma, ningefungua mlango nikasema karibuni, niliyonayo ndiyo haya. Lakini nilimtazama Nasra pale sakafuni na nikakumbuka nilivyomwahidi, nikamwambia Asya, nipe jalabia yako. Asya alikuwa amekuja na jalabia mpya aliyoletewa kutoka Dubai, ya hariri ya zambarau, na Asya ni mtu wa mwili, jalabia yake mimi naingia mara mbili. Tukaipitisha kichwani, mkono wa kushoto ukatoka kwenye mkono wa nguo, wa kulia ukabaki ndani na nyumba yake, nimeipakata hapa tumboni, na juu tukatupa mtandio mpana. Nikajitazama kwenye kioo cha ukumbini nikaona nimenenepa kidogo, si vibaya. Kioo kile kinaonyesha mpaka kifuani tu.

Wakaingia watatu. Bi Thureya, mama yake Khalid, mrefu, mkimya, macho yake yanafanya kazi. Dada yake, Bi Ghaniya, mtu mzima sana, anatembelea fimbo na anasema lililo moyoni. Na yule mke wa kaka, mwanamke kijana, simu haimtoki mkononi. Sisi kwetu mtu akiingia mnapeana mkono, mnabusiana, mnaulizana hali mara tatu, na mimi nikatoa mkono wa kushoto. Bi Ghaniya aliutazama mkono ule kama nimempa kiatu. Asya haraka akasema Bi Zuwena mkono wa kulia umeteguka, pole zikatolewa, lakini nikaona Bi Thureya ameshanikagua kutoka kichwani mpaka miguuni na macho yamesita katikati.

Tukakaa. Mimi nikakaa na mgongo dirishani, nimenyooka kama niko kwenye picha ya paspoti, sanduku limenikaa magotini na pembe ya paa inanichoma mbavuni. Nasra akaleta kahawa, halwa, sambusa, hakumwaga hata tone, mashallah. Mimi sili wala sinywi, maana kwa mkono wa kushoto siwezi na wa kulia sinao. Wakanikaribisha kwenye sambusa za nyumbani kwangu, nikasema siwezi sasa hivi, tumbo. Naapa nilisema hivyo. Tumbo. Wakatazamana.

Maneno yakapita ya hali ya hewa na ya watu wa Sib waliofiwa, kisha Bi Ghaniya akaweka kikombe chini, akaninyooshea kidevu, akasema kwa upole, "Mashallah, Bi Zuwena. Na hii ya ngapi?"

Hebu jiwekeni mahali pangu. Nyuma yangu ni dirisha. Nje ya dirisha, ukutani, iko ile nyumba ya sita, nimeitundika hapo kwa makusudi ili watu waulize. Tokea jana nimezuiwa kuzungumza ndege. Na sasa mgeni mwenyewe, kwa hiari yake, anainua kidevu upande ule na kuniuliza hii ya ngapi. Nilisahau maumivu, wallahi. Nikaona hawa ndio watu wa kuoleana nao.

"Hiyo ya sita imeshapita," nikamwambia. "Sasa hivi niko na ya saba."

"Ya saba," akasema Bi Ghaniya. "Na umri huu hujachoka?"

Nikamwambia nichoke vipi na ndiyo kwanza naipatia, zile za mwanzo nilikuwa nabahatisha tu, sasa nna uzoefu, na nikimaliza hii nataka kutoa nyengine mbili kabla joto halijaingia. Nilimwona Bi Thureya anahesabu kitu kichwani. Akaniuliza na mzee mwenyewe anasemaje.

Nami nikacheka, kicheko cha mwanamke anayemjua mumewe, nikasema, "Seif hana habari. Hata mkono hatii. Nafanya mwenyewe tu. Zile mbili za mwanzo ndiyo alinisaidia fundi wa Kihindi wa hapo nyuma."

Asya akaanza kukohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua. Nasra alikuwa amesimama na birika ya kahawa, nikamwona amefumba macho. Mimi nikadhani wanaona nimevunja ahadi yangu, nikajisemea moyoni mbona wao ndio walioanza. Yule mke wa kaka kichwa kilikuwa kimeinama na dole gumba linakwenda mbio kwenye simu. Bi Ghaniya alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili, hasemi, na mtu anayesema lililo moyoni akinyamaza ujue moyoni limejaa.

Bi Thureya akaniuliza, sauti imebadilika, kama nimekwenda hospitali. Nikamshangaa, nikasema hospitali ya nini, nilijigonga kidole mara moja tu, nikatia barafu, kikapona.

Hapo akainuka. Nikafurahi, nikajua anakuja kukaa karibu yangu ili aanze mazungumzo ya Nasra, nikajisogeza kumpa nafasi. Akakaa, akanitazama usoni si kwa ubaya, kwa namna ya mtu anayekagua rangi ya macho yangu, akasema yeye amekuwa mkunga miaka thelathini, amezalisha nusu ya watoto wa pwani hii, na mwanamke wa umri wangu hapaswi kukaa bila kuangaliwa, kwa hiyo anaomba ruhusa. Nilikuwa sijamaliza kuelewa ruhusa ya nini, na kiganja chake kimeshatua.

Kilitua juu ya paa. Nikakiona kinafuata mteremko wa paa mpaka ukingoni, kinasimama, kinashuka ubavuni, kinakuta pembe, kinazunguka pembe. Akasogeza upande wa pili akakuta pembe nyengine. Miaka thelathini na sidhani kama alishawahi kukuta tumbo lenye pembe. Kisha, na hili ndilo nnaloliota mpaka leo, akakunja kidole akabisha. Mara mbili. Na tumbo langu likaitika kama mlango, ko, ko, ukumbi mzima ukasikia.

"Zuwena," akasema, na lile Bi limeshaanguka njiani. "Humu mna nini?"

"Nyumba," nikasema.

"Nyumba gani?"

"Ya ndege. Na mkono wangu umo ndani, hautoki."

Maneno yote niliyoyasema tokea nikae yalikuwa yananirudia, moja baada ya moja, na kila moja linakuja na uso wake mpya, ya saba, nyengine mbili kabla ya joto, Seif hatii mkono, na lilipofika la fundi wa Kihindi nilitamani zulia lininyanyue linipeleke Salala, mwisho wa nchi. Nikamtazama Nasra. Alikuwa analia machozi bila sauti, na nikajua nimemharibia, mtoto wangu aliyeniomba kitu kimoja tu, na nikasema pale pale mbele ya wageni kuwa makosa ni yangu, binti hana kosa, amelelewa vizuri, mwenye maradhi ya nyundo ni mimi.

Bi Ghaniya ndiye aliyesema wa kwanza. Akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha, "Kwa hiyo huyo fundi wa Kihindi..."

"Alinikatia mbao," nikasema.

Akaanza kucheka. Alianza kwa mabega, fimbo ikaanguka, kisha sauti ikatoka, na akicheka yule mzee anacheka kwa mwili mzima, anajipiga mapaja, anaomba maji. Asya akafuata, mke wa kaka akafuata, na Nasra, nikamwona machozi yamegeuka hapo hapo usoni, anacheka na kulia kwa pamoja. Bi Thureya peke yake hakucheka, alikuwa ameshapandisha mikono ya nguo. Akaagiza mafuta ya nazi, maji ya baridi na mkasi. Asya akauliza mkasi wa nini. Jalabia haikuweza kuvuliwa bila kunitonesha mkono, na Bi Thureya akaipasua pale tumboni, hariri ya Dubai, mstari mmoja ulionyooka kwa mkono wa mtu aliyezoea, na Asya akageuza uso ukutani hakutazama mpaka mwisho.

Nyumba ikatoka nje, nzuri, paa limenyooka. Hata katika hali ile Bi Ghaniya akaisifu. Bi Thureya akauliza mkono umekaaje ndani, dole gumba liko wapi, misumari iko upande gani, akanifanya niunyanyue juu ya kichwa uvimbe ushuke. Robo saa nilikaa kwenye ukumbi wangu, siku ya posa ya binti yangu, nimeinua nyumba ya ndege juu kama natafuta mtandao wa simu, na wageni wanakula sambusa na kunitazama. Kisha akamimina mafuta tunduni, akaniambia dole gumba lilaze katikati ya kiganja, geuza kidogo kwa kushoto, vuta pumzi, usivute mkono mpaka nikwambie. Mimi nimezaa mara sita na naweza kukwambieni maneno ni yale yale na sauti ni ile ile. Aliponiambia sasa, nikatoa pumzi, na mkono ukatoka, mwekundu, una michubuko mitatu, unang'aa mafuta.

Na Bi Ghaniya, sijui kwa furaha au kwa mazoea ya kuandamana na mkunga, akapiga vigelegele. Asya akaitikia. Vigelegele vya Asya vinafika pwani.

Sasa Hail wakati ule majirani walikuwa wanajua nani anakuja kwa nani na kwa shughuli gani. Dakika tano hazikupita, kengele inalia, jirani wa kulia na sahani ya halwa, jirani wa kushoto na binti zake wawili na chetezo cha udi, hongera nyingi, imepita, inshallah ya kheri, wanambusu Nasra, wanambusu Bi Thureya. Na posa yenyewe hakuna mtu aliyeitamka. Mimi nimesimama katikati na jalabia iliyopasuliwa, mkono unatiririka mafuta, sijui niwaambie nini.

Bi Thureya akawaacha wamalize kubusiana, kisha akamshika Nasra mkono akamvuta pembeni, mimi nikiwa karibu yao. Akamwambia haya yote yaliyotokea ni ya mama yako na mimi, wewe hayakuhusu, majirani pia hawakuhusu, nakuuliza wewe, unamtaka mwanangu au humtaki, na ukisema humtaki mimi nitawaambia watu hawa vigelegele vilikuwa vya mkono. Nasra akatazama chini, akasema, "Mimi sina neno, mama."

Akamwita mama, pale pale. Bi Thureya akanigeukia mimi. Aliniambia njiani alikuwa anakuja na wasiwasi, amesikia mama wa binti ni mwalimu wa sayansi, mkali, hacheki, nyumba yake imenyooka kama rula, na yeye kwake watu wana makelele. Ndiyo hapo na yeye akacheka, mara ya kwanza, meno yote.

Ningependa kukwambieni aibu iliishia hapo. Lakini yule mke wa kaka ujumbe wake alikuwa ameshautuma zamani, kwa watu wangapi hakuniambia, na wa kusahihisha aliutuma baadaye, na nyote mnajua ujumbe wa kwanza unafika kila pahali na wa pili hausomwi. Magharibi haijaingia, dada yangu akanipigia kutoka Matrah, hakunisalimia, akasema Zuwena, arobaini na tisa? Seif alikwenda kusali isha hana habari, akarudi, akakaa kwenye kochi na kofia yake mkononi, akaniambia, "Watu watatu wamenipa mkono. Mmoja ameniuliza kama fundi wa Kihindi bado yupo."

Ikabidi nimhadithie. Alisikiliza mpaka mwisho, akenda uani peke yake, na mimi nikamsikia anacheka huko, na kila akitaka kurudi ndani anashindwa. Skuli walimu wenzangu walininunulia viatu vidogo vya kusuka, vyeupe, vya mtoto mchanga, na mwalimu mkuu alinifuata faraghani kunijulisha haki zangu za likizo. Kwenye arusi ya Nasra mwenyewe, miezi minane baadaye, wanawake waliokuja kunipa hongera walinitazama tumbo kwanza, na mmoja akauliza mtoto nimemwacha na nani.

Nasra na Khalid wako vizuri, na mimi na Bi Thureya tumekuwa marafiki kuliko watoto wenyewe. Asya nilimnunulia jalabia nyengine na bado anaizungumza ile. Kujenga sikuacha, sitakudanganyeni, ila nimeapa viapo viwili na vyote nimevishika. Cha kwanza, paa la nyumba yoyote nnayoijenga linafunguka. Cha pili ndicho kilichonigharimu zaidi. Siku ile niliona haya kuonekana mwanamke mwenye nyundo, na kwa kuikimbia haya hiyo ndogo nikaonekana nna mimba ya fundi seremala mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu. Kwa hiyo siku hizi mtu akinigongea mlango na mimi niko kazini, awe mgeni, awe mkwe, awe nani, namfungulia na vumbi langu nyweleni na nyundo mkononi, naihamishia mkono wa kushoto, nampa wa kulia.